Nani Hajafikiwa na Maji? Mesaimeer na Historia ya Hesabu Iliyosahaulika

Upande wa kusini wa jiji la Doha, nchini Qatar, kuna mtaa uitwao Mesaimeer. Sikio la Mswahili likilisikiliza jina hili kwa makini litamtambua jamaa wa karibu. Kwa umbo lake la Kiarabu, jina hili ni hali ya udogo ya neno mismar, neno lile lile lililovuka bahari likaingia katika Kiswahili na kuwa msumari. Mesaimeer, basi, ni msumari mdogo. Zamani mahali hapa palikuwa nje kabisa ya mji, katika tambarare kavu iliyo nyuma ya pwani. Leo pamezungukwa na barabara kuu na majumba ya familia yenye kuta ndefu, na pana misikiti pamoja na eneo maalumu la makanisa lililoanza kutumika mwaka 2008. Watu wa Afrika Mashariki hawakosekani hapa. Wamo walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli na wafanyakazi wa majumbani kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Siku ya Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya mapumziko ya juma, Kiswahili husikika njiani kama kinavyosikika Eastleigh au Kariakoo.

Katika mtaa kama huu, swali la maji ya kunywa laweza kuonekana la ajabu. Qatar haina mto wala ziwa la kudumu, na mvua yake kwa mwaka mzima ni takriban milimita 80 tu, lakini mabomba yake hayakauki. Majedwali ya kimataifa huiweka nchi hiyo karibu na asilimia 100 kwa upatikanaji wa maji ya msingi. Mtu aliyekulia katika kitongoji cha Dar es Salaam au Mombasa, ambako ndoo hupangwa foleni tangu alfajiri, ataona kwamba hapa jambo limekwisha. Hata hivyo, historia ya maji ina hesabu mbili, na hesabu hizo si kitu kimoja. Ya kwanza huhesabu maji yaliyotolewa: visima vingapi, galoni ngapi, mabomba ya urefu gani. Ya pili huhesabu watu waliofikiwa, na zaidi ya hao, wale ambao hawajafikiwa. Hesabu ya kwanza yaweza kukamilika bila ya pili kuanza. Mesaimeer ni mahali pazuri pa kulitazama pengo hilo, kwa sababu hapa ukosefu wa maji hauwezi kutolewa kuwa kisingizio.

Historia hiyo huanzia visimani. Kabla ya mafuta, Doha ulikuwa mji wa wavuvi wa lulu uliojibana ufukweni, na maji yake ya kunywa yalitoka katika visima vya pembezoni. Miongoni mwa visima vilivyosifika ni vya Msheireb, mahali ambapo siku hizi pamekuwa katikati ya jiji. Jina hilo nalo halina ugeni kwa Mswahili. Limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunywa, mzizi uliotupatia pia sharubati. Kutoka visimani maji yalifika majumbani kwa mgongo wa punda na kwa bega la binadamu. Katika miji ya Ghuba wachukuzi wa maji walibeba mti mabegani, chombo kimoja mbele na kingine nyuma. Waswahili wanaujua mzigo wa namna hiyo tangu kale na wanauita mzega. Chombo chenyewe, tangu bati la mafuta ya taa lilipoenea pande zote mbili za bahari, lilikuwa debe.

Wengi wa waliochota maji hawakuwa huru. Biashara ya watumwa iliyopitia Zanzibar na bandari za pwani ya Afrika Mashariki iliwafikisha watu hadi Qatar, wakawekwa katika mashua za lulu na katika kazi za nyumbani, kuchota maji ikiwa mojawapo. Utumwa ulipigwa marufuku nchini humo mwaka 1952. Katika kitongoji kile kile cha Msheireb leo ipo Nyumba ya Bin Jelmood, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2015 kuisimulia historia hiyo waziwazi, jambo ambalo si la kawaida katika eneo lile. Mgeni atokaye Afrika Mashariki hukutana humo na ramani ambayo ncha yake moja ni kwao. Kwa hiyo uhusiano wa watu wa pwani yetu na maji ya Doha haukuanza na viza za kazi za karne hii. Ulianza na mzega.

Mfumo wa visima ulikuwa na ukatili wake, lakini ulikuwa na sifa moja ambayo mifumo iliyofuata iliipoteza: hesabu ya watu ilikuwa mwilini mwa mchukuzi. Yeye alijua mlango upi unahitaji madebe mangapi, nyumba ipi imeongeza wageni, na mjane yupi amekosa fedha tangu juzi. Hakuna ofisi iliyoandika maarifa hayo. Yalipokosekana, palikuwa na sabili, yaani maji yanayowekwa njiani kwa ajili ya Mungu, anywe mpita njia yeyote bila kuulizwa jina. Desturi hiyo haijafa. Hadi leo, nje ya misikiti na nyumba nyingi za Doha husimama mashine za maji baridi, na mlinzi anayerudi zamu ya usiku hukinga chupa yake hapo. Sabili haimbagui mtu, na huo ndio uzuri wake. Lakini pia haimhesabu mtu, na hapo ndipo ufupi wake unapoonekana.

Ng'ambo ya pili ya bahari hiyo hiyo, Zanzibar ilipitia mkasa unaolieleza jambo hili vizuri zaidi. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliupiga mji kwa nguvu. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi mjini humo, aliandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1876 kuhusu maradhi hayo katika Afrika Mashariki, akiufuatilia mwendo wake katika njia za misafara na za majahazi. Wakati huo watu wa mjini waliishi kwa visima vya mitaani na kwa wachukuzi. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na aliyewahi kuishi uhamishoni Bombay kabla ya kukikalia kiti, aliamua kuuletea mji maji kutoka chemchemi za upande wa Bububu kwa mfereji maalumu. Maji yalifika mjini na yalitolewa bure. Katika kumbukumbu za Wazanzibari kitendo hicho kimebaki kuwa miongoni mwa wema mkubwa wa zama zake, na kwa haki.

Hata hivyo ulikuwa wema wa mtawala, na wema wa mtawala una mipaka yake. Mfereji ulifuata njia iliyochaguliwa na kasri, na ulikoma pale kasri lilipoona inatosha. Aliyeishi mbali na mfereji hakuwa na mlango wa kwenda kubisha akisema kwamba hayajamfikia. Hakunyimwa, maana hakuna aliyemwahidi. Tofauti ya ukarimu na wajibu iko hapo. Mkarimu huulizwa ametoa nini. Mwenye wajibu huulizwa amemsahau nani.

Doha nayo ilipoondoka visimani, iliondoka kwa kishindo. Usafirishaji wa mafuta ulianza mwishoni mwa mwaka 1949, na mwaka 1953, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kukomeshwa, mtambo wa kwanza wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari ulianza kufanya kazi. Tangu hapo maji ya kunywa ya nchi hiyo yakawa ni bidhaa ya viwanda: bahari huingia upande mmoja, nishati huunguzwa, na maji matamu hutoka upande wa pili. Mitambo mikubwa ilijengwa pwani, ikiwamo ya Ras Abu Fontas kusini mwa Doha, na baadaye Ras Laffan upande wa kaskazini na Umm Al Houl upande wa kusini. Mwaka 2000 liliundwa shirika la umma la umeme na maji liitwalo Kahramaa, jina lililounganishwa kutokana na maneno mawili ya Kiarabu, la umeme na la maji. Jina hilo laeleza ukweli wa nchi: pasipo umeme hapana maji.

Utegemezi huo huleta hofu yake. Vita vya Ghuba vya mwaka 1991 viliwaonyesha watu wa eneo hilo kwamba mafuta yaliyomwagika baharini yanaweza kufika kwenye midomo ya mitambo. Mwaka 2017 majirani walipoifungia Qatar mipaka, hofu ya kukatikiwa na mahitaji ilirudi kwa sura nyingine. Desemba 2018 serikali ilizindua mradi wa mabwawa makubwa ya akiba yaliyojengwa kwa zege katika maeneo matano, mojawapo likiwa Al Thumama, upande huo huo wa kusini wa Doha ilipo Mesaimeer. Shabaha ilikuwa nchi iwe na akiba ya maji ya siku saba. Ni kazi ya kihandisi ambayo mataifa mengi yangeionea fahari.

Lakini itazamwe ni nini kinachohesabiwa. Siku saba ni hesabu ya akiba. Galoni ni hesabu ya uzalishaji. Urefu wa mabomba ni hesabu ya usambazaji. Zote zimesimama upande wa chanzo. Bomba la umma linapofika kwenye ukuta wa nyumba hukutana na mita, na mita ndiyo mpaka. Kutoka hapo kwenda ndani, utunzaji wa tangi la chini, pampu na tangi la juu ya paa ni juu ya mwenye nyumba. Katika kiangazi ambapo joto la hewa hupita nyuzi 45, tangi la paani lisilotunzwa si jambo la kupuuzwa. Wakazi wengi, wenye uwezo na wasio nao, hunywa maji ya chupa, hasa yale ya chupa kubwa yanayoletwa mlangoni. Raia wa Qatar halipii maji ya nyumba yake. Mpangaji mgeni hulipa. Na yule anayeishi ndani ya nyumba ya mwingine, katika chumba cha mtumishi au nyuma ya lango, hana mita wala ankara. Kwa shirika la maji, jina lake halimo.

Namna ya kumwona mtu huyo iligunduliwa mapema kwetu Afrika Mashariki, katika mazingira yasiyofanana kabisa na ya Qatar. Kati ya 1966 na 1968, Gilbert White, David Bradley na Anne White, wakisaidiana na watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania, walikwenda katika maeneo 34 ya nchi hizo tatu. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Drawers of Water, kilichapishwa mwaka 1972. Wahandisi wa zama hizo waliuliza ni maji kiasi gani yanaweza kupelekwa. Watafiti hawa waliigeuza kazi kwa kuanzia nyumbani: mama huyu amechota wapi leo, ametembea umbali gani, kila mtu wa nyumba hii ametumia lita ngapi, na kwa nini amekiacha kisima kile akachagua mto huu. Kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa namna hiyo, mchota maji aliulizwa, na jibu lake likaandikwa kuwa takwimu.

Serikali hazikuigeukia njia hiyo mara moja. Tanzania yatoa mfano wenye mafunzo. Mwaka 1971 iliwekwa shabaha ya miaka 20: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Ilikuwa ahadi ya kishujaa, na umbali huo wa mita 400 ulikuwa ni kipimo kinachoanzia kwa mtu, si kwa bomba. Lakini mwaka uliofuata, 1972, halmashauri za wilaya zilivunjwa chini ya mpango uliopewa jina la madaraka mikoani, na hazikurudi hadi sheria za mwaka 1982 zilipozihuisha. Kwa hiyo katika muongo wa kwanza wa ahadi, chombo cha karibu zaidi na mwanakijiji, ambacho kingeweza kwenda kuupima umbali huo mlango kwa mlango, hakikuwapo. Visima vilichimbwa na pampu zikafungwa. Mwaka 1991 ulipofika, shabaha haikufikiwa. Miongo miwili baadaye, vituo vya maji vya vijijini vilipoorodheshwa nchi nzima kimoja kimoja, zaidi ya theluthi vilikutwa havifanyi kazi. Katika vitabu vya ujenzi vilikuwa vimehesabiwa. Katika maisha ya watu vilikuwa vimekufa.

Mwaka 1997 watafiti walirudi katika maeneo yale yale ya miaka ya 1960. Waliyoyakuta yalitia huzuni. Kaya zenye bomba zilikuwa zikitumia maji machache kuliko zamani, kwa sababu mabomba ya mijini yalikuwa yakikauka. Kwa kaya zisizo na bomba, muda wa kuchota kwa siku ulikuwa umepanda kutoka takriban nusu saa hadi saa moja na nusu. Nchi zilikuwa na mitambo zaidi na wahandisi zaidi kuliko mwaka 1967, na bado foleni ilikuwa imerefuka. Somo lililotoka hapo ni kwamba upatikanaji wa maji haupimwi mara moja na kufungwa kama faili. Hupimwa tena na tena, na mahali pale pale.

Sheria zilianza kulisikia somo hilo. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi ya kunywa na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 41 hazikuegemea upande wowote. Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa hizo 41. Lakini haukupita hata mwezi na siku chache, tarehe 27 Agosti 2010, Kenya ilizindua katiba ambayo Ibara yake ya 43 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na Jedwali lake la Nne likaikabidhi kazi ya huduma za maji kwa serikali za kaunti. Yaani haki imewekwa mikononi mwa serikali iliyo karibu na mlango wa mwananchi. Utekelezaji una kasoro zinazojulikana na kila mkazi wa Mombasa au Kisumu, lakini sasa mkazi ana wa kumuuliza.

Ulaya, wanakoishi wengi wa diaspora yetu, hatua hiyo imesogezwa mbele zaidi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya Desemba 2020 kuhusu maji ya kunywa inazitaka nchi wanachama ziwatambue watu wasio na maji, au wenye maji kwa shida, pamoja na sababu za hali hiyo. Ilitanguliwa na kampeni ya wananchi iliyokusanya sahihi zaidi ya milioni moja na nusu. Ufaransa, kwa amri ya Desemba 2022, iliupeleka wajibu huo hadi kwenye serikali za mitaa. Kila manispaa, au muungano wa manispaa, ilitakiwa kufanya tathmini ya eneo lake kabla ya 2025: ni nani miongoni mwa wakazi hapati maji ya kunywa, wakiwamo wasio na makazi rasmi, na ni kwa nini. Ufaransa haina ukame wa Turkana. Ilichokiri ni kwamba hata nchi yenye mabomba kila pembe inaweza kuwa na watu ambao mabomba hayo hayawajui. Na ilikiri kwamba hawatajulikana hadi mtu apewe kazi, kwa jina la sheria, ya kwenda kuwatafuta.

Kwa mwanga huo, mtu anaweza kurudi Mesaimeer na kuuliza: hapa kazi hiyo ni ya nani? Qatar ina chombo cha kuchaguliwa cha ngazi ya mitaa, Baraza Kuu la Manispaa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Uchaguzi wake wa kwanza ulifanyika tarehe 8 Machi 1999, wanawake wakipiga kura sawa na wanaume, na una historia yake ya heshima. Baraza lina wajumbe 29, kila mmoja akiwakilisha jimbo lake. Mamlaka yake ni ya kufuatilia na kushauri. Hufuatilia utekelezaji wa sheria zinazohusu ujenzi, barabara na huduma za mitaa, kisha hutoa mapendekezo, lakini halina bajeti ya kutekeleza wala nguvu ya kulazimisha. Na wapiga kura wake ni raia. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 2.8 nchini, na walio wengi mno miongoni mwao si raia. Mjumbe anayeusikiliza mtaa wake kwa bidii zote husikia kwanza sauti za wale wanaoweza kumchagua.

Si kwamba mgeni hana sheria inayomgusa. Uamuzi wa waziri wa mwaka 2021 kuhusu joto kali uliongeza saa ambazo kazi za nje haziruhusiwi katika kiangazi, na ukamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maji ya kunywa yaliyo baridi, bila malipo. Ni hatua ya maana, na imeokoa watu. Sheria ya wafanyakazi wa majumbani ya mwaka 2017 nayo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi chakula na malazi yanayofaa. Mwaka 2018 Qatar ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni. Mkataba huo, kwa tafsiri iliyotolewa mwaka 2002 na kamati inayousimamia, unabeba haki ya maji kwa kila mtu aliye ndani ya nchi. Kwa hiyo kanuni zipo.

Pengo liko katika namna ya kuhesabu. Shirika la maji huijua nyumba kwa mita yake. Baraza humjua mkazi kwa kura yake. Wizara ya kazi humjua mfanyakazi kwa mkataba wake na mahali pake pa kazi. Kila daftari ni sahihi katika mipaka yake, lakini hakuna lililoanza na mtu kama mnywaji wa maji. Mlinzi wa lango huonekana katika daftari la kazi awapo zamu. Akirudi anakolala, daftari hufungwa. Mfanyakazi wa ndani yumo katika nyumba yenye mita inayozunguka vizuri kabisa, na mita haisemi ni nani ndani ya nyumba hiyo anakunywa maji ya chupa na nani anakunywa ya tangi. Wapangaji wanaogawana jumba moja lililokatwa vyumba kwa mbao wanajua kwamba ugawaji huo wenyewe unakiuka kanuni za ujenzi. Mkaguzi akija kwa ajili ya ukuta, hawatakuwa na hamu ya kumweleza habari za tangi. Mshahara wa chini uliowekwa kisheria tangu 2021 ni riali 1,000 kwa mwezi. Kwa mtu anayetuma sehemu kubwa ya fedha hizo nyumbani, Kakamega au Masaka, kununua maji ya kunywa kila siku ni kodi ambayo hakuna bunge lililoipitisha.

Hoja ya upande wa pili haipaswi kupuuzwa. Mtu anaweza kusema kwamba maji yanayotoka katika mtandao wa umma ni salama, yanapimwa na wataalamu, na kwamba kinachotokea nyuma ya ukuta wa nyumba ni jambo la faragha. Katika utamaduni ambao stara ya nyumba ina uzito mkubwa, hoja hiyo si ya kejeli. Mswahili ambaye nyumba yake ina ukumbi wa wageni na uwa wa wenyeji anaielewa vyema. Lakini stara iliwekwa kumlinda mwenye nyumba na macho ya nje. Haikuwekwa ili dola isimwone mtu anayeishi humo asiyekuwa mwenye nyumba. Na tathmini ya maji haihitaji kuvunja mlango. Watafiti wa miaka ya 1960 waliingia katika nyumba za Afrika Mashariki kwa kubisha hodi na kuuliza maswali mepesi. Unakunywa maji gani? Unayapata wapi? Yanakugharimu nini? Yakikosekana, unamwambia nani?

Maswali hayo manne yangeweza kuulizwa Mesaimeer kwa urahisi kuliko karibu mahali popote duniani. Mtaa hauko mbali na hifadhi ya akiba ya taifa, nchi ina fedha, ina ramani ya kila jengo, na ina baraza ambalo kazi yake kisheria ni kufuatilia huduma na kushauri. Kuuliza kungehitaji watu wachache wenye daftari na lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Pengine majibu yangeonyesha kwamba karibu wote wako salama, na hilo lingekuwa jambo la kujivunia kwa ushahidi. Pengine yangeonyesha nyumba kadhaa, malango kadhaa, chumba kimoja nyuma ya gereji. Kwa vyovyote vile, baraza lingejua.

Historia hii, tangu kisimani Msheireb, kupitia mfereji wa Barghash na mita 400 za mwaka 1971, hadi kwenye zege la Al Thumama, yaonyesha kwamba kuleta maji kumekuwa kazi iliyopata mashujaa wake, na majina yao yameandikwa. Kazi ya kumtafuta ambaye hayajamfikia haijapata mashujaa wengi. Ni kazi ya kutembea na kubisha hodi, na haizinduliwi kwa kukata utepe. Wakati wa mzega ilifanywa bila kuandikwa, na mtu aliyebeba maji ya wengine huku mwenyewe akiwa hahesabiwi. Wajukuu wa pwani aliyotoka wako Mesaimeer leo, wakikinga chupa zao penye sabili nje ya msikiti, wakati shirika likisoma mita ya nyumba wanamolala.